Kitu na Habari Zake: Mhadhara Kuhusu Makumbusho Madogo ya Nairobi



Nianze na mahali ambapo wengi wenu mmesimama hata kama hamjapata kuingia. Mtu akitaka kuonana na mwenzake katikati ya jiji la Nairobi humwambia, "Tukutane Archives." Basi atasimama pale Moi Avenue, mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa, mgongo kaupa ukuta, simu mkononi, akimngoja mtu wa Rongai au wa Kayole ambaye matatu imemchelewesha njiani. Wachumba hungojana pale. Wahubiri huhubiri pale. Anayedai na anayedaiwa huonana pale. Jengo lenyewe lilikuwa benki, Benki ya India, kabla ya kuwekwa humo karatasi za nchi. Na ghorofa ya chini, hatua chache kutoka kwenye ukuta huo unaoegemewa kutwa, pana ukumbi uliojaa vinyago, ngao, vigoda, vito, nguo na vyungu kutoka pande nyingi za Afrika. Ni mali iliyokusanywa na mtu mmoja, Joseph Murumbi, pamoja na mkewe Sheila.

Mimi nilipita mbele ya jengo lile miaka mingi. Siku niliyoingia niliingizwa na mvua. Humo ndani nikamkuta mzee ameinama mbele ya kigoda, hasemi neno, anakikagua mguu kwa mguu. Nilipomwamkia na kumuuliza anatafuta nini, alinijibu kwamba babake alikuwa na kigoda cha namna ile, naye anajaribu kukumbuka kilikuwa cha miguu mitatu au minne. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kuja kushughulikia hati ya shamba. Shughuli ya shamba ilikuwa imemshinda siku hiyo, lakini kile kigoda hakutaka kukiacha.

Kiswahili kina neno zuri kwa nyumba ya namna hiyo. Hatukuiita ghala wala nyumba ya vitu vya kale. Tuliiita makumbusho, kutokana na kukumbusha, na kukumbusha ni kazi inayotaka watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Kitu peke yake hakikumbushi lolote. Kigoda bila habari zake ni kuni. Hilo ndilo jambo langu la jioni hii, nami nitalizungusha katika nyumba chache ndogo za Nairobi ambazo watu huzipita wakienda kwenye shughuli zao.

Makumbusho makuu ya Museum Hill sina neno nayo. Watoto wa shule hufika kwa mabasi, wanamwona mvulana wa Turkana aliyefukuliwa mwaka 1984, mifupa yake ina umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu; wanamwona Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais hadi alipojifia mwaka 1974. Vitu vikubwa hivyo vina watu wa kuvieleza. Mimi naviombea vile vidogo.

Twende kwanza kwenye reli. Ukifika stesheni ya zamani ya Nairobi, fuata njia inayopita kando yake, na mwisho wake utafika Makumbusho ya Reli. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ilikuwa moja kwa nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani. Kuna jengo la vitu vidogo: vyombo vya mezani vya fedha walivyolia abiria wa daraja la kwanza, simu za stesheni, ramani, picha. Humo pia kuna benchi lililokuwa likifungwa mbele kabisa ya injini ili mgeni wa heshima akae pale na kutazama wanyama. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alisafiri amekaa mbele ya injini namna hiyo mwaka 1909. Nje, uani, majani yanaota kati ya mataruma, na injini zimepangwa hapo kama ng'ombe wamelala zizini.

Kati ya hizo injini limesimama behewa moja, na ningependa tukae nalo kidogo.

Ni behewa la ukaguzi, la mbao, la kulala watu wachache. Mwezi Juni mwaka 1900 lilisukumwa kwenye njia ya pembeni katika stesheni ya Kima, kati ya Nairobi na Makindu. Simba alikuwa akila watu pale. Ndani walikuwamo wazungu watatu: Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pamoja na Hübner na Parenti. Walikubaliana kukesha kwa zamu ili wampige risasi. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Ryall. Hübner alipanda kitanda cha juu, Parenti akalala sakafuni, Ryall akakaa dirishani na bunduki yake. Usingizi ukampitia.

Sasa msikilize jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu ukilitazama behewa lenyewe ndipo utaelewa. Njia ile ya pembeni haikuwa sawa, na behewa lilikuwa limelala upande mmoja. Mlango wake ulikuwa wa kusukuma pembeni, unaokwenda juu ya reli yake. Simba akapanda ngazi, akauingia. Uzito wake ulipohamia upande wa chini behewa likainama zaidi, na mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Hakuna aliyeufunga. Simba na watu watatu wakawa chumba kimoja, tena gizani. Ili amfikie Ryall ilimbidi amkanyage Parenti kwa miguu ya nyuma. Hübner, kule juu, njia yake pekee ilikuwa mlango wa pili, unaotoka kwenye chumba cha watumishi, na ili aufikie alilazimika kuruka na kupita juu ya mgongo wa simba. Alipoufikia akaukuta umeshikiliwa kwa nguvu upande wa pili na watumishi wenye hofu, wameufunga kwa vilemba vyao. Akauvuta mpaka akapata upenyo wa kupita, nao wakaurudisha haraka. Simba akavunja dirisha, akatoka naye Ryall. Baadaye alinaswa mtegoni, akaonyeshwa watu kwa siku chache, kisha akapigwa risasi.

Mara ya kwanza niliposoma habari hizo nilidhani zimetiwa chumvi, maana nilikuwa nikifikiria behewa kubwa la abiria wa siku zetu. Siku niliyosimama mbele ya lile lenyewe nilipima kwa macho kitanda cha chini, sakafu na dirisha, nikaona kila kitu kiko karibu mno. Mtu aliyelala sakafuni hapo hana pa kujisogeza. Kile ambacho kitabu kilishindwa kuniaminisha, mbao zile ziliniaminisha mara moja.

Jina la Kima nalo limezua hadithi. Kwetu kima ni mnyama wa jamii ya tumbili, lakini pia ni nyama iliyosagwa, neno tulilolipata kutoka kwa Wahindi. Basi utawasikia watu wakisema mji uliitwa hivyo kwa sababu ya mtu aliyesagwa na simba. Ni maelezo yanayonoga, ila stesheni ilikwisha kuwa na jina hilo simba alipoingia behewani. Watu pia humchanganya simba huyu na wale wawili wa Tsavo. Wale wa Tsavo waliuawa na Patterson, mhandisi wa daraja, mwezi Desemba 1898. Ngozi zao Patterson alizitandika nyumbani kwake kama mazulia kwa robo karne, halafu mwaka 1924 akaziuza kwa Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000. Ziko huko mpaka leo, zimejazwa na kusimamishwa. Simba wetu wako Chicago, behewa letu liko Nairobi, na mimi ningelichagua behewa.

Lakini nilisema habari za kitu. Basi tuulize: habari za nani? Katika kisa cha behewa tuna majina ya wazungu watatu. Watu walioushika ule mlango wa pili kwa vilemba hawana majina. Walikuwa wangapi? Walitoka Punjab, Gujarat? Walikwenda wapi asubuhi yake? Kimya. Na huyo Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1907 juu ya simba wa Tsavo, anaandika kwamba vibarua wa Kihindi walioliwa walikuwa 28, kisha anasema Waafrika walioliwa walikuwa makumi kadhaa ambao hawakuandikwa mahali popote rasmi. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli hiyo kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya mwaka 1896 na 1901, na karibu 2,500 walikufa. Hesabu hiyo inajulikana kwa sababu mtu aliandika. Waafrika walibeba maji, walifyeka njia, walipiga kambi pamoja nao, na hesabu yao haipo kwa sababu hakuna aliyechukua kalamu. Ndiyo maana siwezi kulitazama behewa lile bila kujaribu kuwaona waliosimama nje yake.

Toka hapo, zunguka uani uangalie majina kwenye injini. Moja inaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Nyingine Bavuma, jina la watu wa visiwa vya Buvuma kule Uganda. Nyingine ni Masai wa Kenya. Halafu utakutana na ile kubwa kuliko zote, nambari 5918, jina lake Mount Gelai. Mlima Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Injini za aina hiyo zilikuwa 34, zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilitengenezwa na Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hazikuwapo injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Boila iko katikati, na huku na huku pana seti ya magurudumu inayojipinda yenyewe, ili chuma kirefu namna hiyo kiweze kukata kona bila kuacha njia. Ndizo zilizopandisha mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa umbali wa kilomita 530 hivi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli ikagawanywa. Injini za mvuke ziliondolewa kazini miaka hiyohiyo, nyingi zikakatwa vipande kuuzwa kama chuma chakavu. Katika zile 34, mbili ndizo ziko pale uani. Kijana wa leo anayesoma juu ya Jumuiya mpya, ya nchi nane, anaweza kukaa mihadhara kumi asiisikie ile ya zamani ilivyokuwa. Nusu saa katika ua ule itamtosha: majina ya mlima wa Tanganyika na ya watu wa visiwa vya Uganda, yameandikwa kwa shaba kwenye injini zilizoegeshwa Nairobi.

Niruhusuni hapa niseme la nyumbani.

Mjomba wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo. Sisi watoto tulimjua kwa taa yake. Ilikuwa taa ya mkono, ya bati zito lililopakwa rangi nyeusi, na ndani yake utambi wa mafuta ya taa. Mbele ilikuwa na kioo kinene kilichovimba kama jicho la samaki. Ukizungusha kichwa cha taa, ndani kulipita vioo vya rangi: cheupe, kisha kijani, kisha chekundu, na kila kimoja kilipofika mahali pake ulisikia "ta!" ndogo. Usiku mjomba alipokuwa likizoni alitukalisha uani na kutupa mafunzo. Nyekundu, simama. Kijani, twende. Nyeupe ikitikiswa huku na huku ilikuwa na maana yake, nami nimeisahau. Mpini ulikuwa umechakaa mahali pamoja tu, pale kidole gumba kilipokaa kwa miaka yote ile. Chini ya kitako kulipigwa mhuri wa herufi za reli na nambari.

Mjomba alipofariki, taa ilibaki jikoni kwa shangazi. Ikatumika kuangazia zizi la mbuzi. Kioo chekundu kikapasuka. Mwaka mmoja akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, na jamaa yetu mmoja akamkabidhi taa pamoja na sufuria zilizotoboka na fremu ya baiskeli. Iliuzwa kwa kilo. Nilipokuja kuiulizia ilikuwa imeondoka miezi minne nyuma, na sikumlaumu aliyeiuza, kwani kwake ilikuwa taa mbovu. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu kingine. Ninachojilaumu mimi ni ile nambari ya kitako. Nambari za namna hiyo ziliandikwa kwenye madaftari: taa fulani, gadi fulani, stesheni fulani. Ningeinakili kwenye kipande cha karatasi, leo ningekuwa na pa kuanzia. Sijui mjomba alianzia kazi stesheni ipi. Aliyekuwa akijua hayupo, na taa iliyokuwa ikijua imeyeyushwa.

Basi mkielewa hilo mtaelewa kwa nini namheshimu mno Joseph Murumbi, mwenye vile vitu vya ukumbi wa Archives. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba mfanyabiashara wa Kigoa, mama Mmaasai. Akasomeshwa India, akaishi Somalia, akakaa London miaka ya vita vya Mau Mau akipigania uhuru wetu kwa maneno na karatasi. Huko London alianza kununua vitabu juu ya Afrika kwa fedha kidogo alizokuwa nazo. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais kwa miezi michache kabla ya kujiuzulu. Watu wengi wangeukumbuka ule umakamu. Yeye aliendelea kukusanya. Mwaka 1972 yeye, mkewe na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa Nairobi, nyumba ya sanaa iliyokuwa ikinunua na kuonyesha kazi za mafundi wa bara zima. Vitabu vyake vilifika zaidi ya 8,000, vingi vya kabla ya mwaka 1900, na viko Nyaraka za Taifa.

Nyumba yake ya Muthaiga ilikuwa ndiyo makumbusho ya kwanza ya vitu hivyo. Aliiuza kwa serikali miaka ya 1970 akitumaini itakuwa mahali pa kusomea mambo ya Afrika, na kila kitu kikiwa pale kilipozoea kukaa. Haikuwa hivyo. Nyumba iliachwa, ikaharibika, ikabomolewa, kiwanja kikagawanywa. Waliokuwa karibu naye husimulia kwamba jambo hilo lilimvunja moyo asipone. Alifariki mwaka 1990. Kaburi lake liko City Park, karibu na la rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka 1965, na Sheila yuko naye. Mkienda City Park kuwalisha tumbili, tembeeni hatua chache zaidi mfike pale.

Sehemu nyingine ya mali yake iko Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Hiyo ndiyo nyumba ndogo ninayoipenda kuliko zote mjini. Ilijengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya mkuu wa jimbo, na humo ndimo watu walimoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Hapo nje ndipo pia zilipoanzia kupimwa safari zote za nchi: ukisoma kwenye barabara kwamba kutoka Nairobi hadi mahali fulani ni kilomita kadhaa, hesabu inaanzia hapo. Ndani utakuta stempu za nchi za Afrika alizokusanya Murumbi, vito vya Sheila, nguo, samani. Stempu ni kitu kidogo ambacho mtoto hukipuuza, lakini kaa nazo. Nchi inapata uhuru, na kabla ya kuwa na jeshi la maana au chuo kikuu inatoa stempu. Utaona ilitaka ulimwengu uione vipi: ikachagua ndege, ikachagua kiongozi, ikachagua bwawa la umeme. Miaka michache baadaye kiongozi ametoweka kwenye stempu na amewekwa mwingine. Historia ya bara zima unaisoma umesimama mahali pamoja, na vyumba vya nyumba ile ni vidogo kiasi kwamba unasikia pumzi zako mwenyewe.

Alan Donovan naye alijenga nyumba yake nje ya mji, ukingoni mwa mbuga ya Nairobi, kwa kufuata majengo ya udongo ya Afrika Magharibi na ya pwani yetu. Aliijaza vitu kutoka bara zima akaiita African Heritage House. Reli mpya ya kisasa ilipokuwa inapimwa, nyumba ile ilikuwa hatarini kubomolewa. Mwaka 2016 ikatangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa, ikasalimika. Donovan alifariki mwaka 2021. Naitaja kwa sababu ya tofauti: nyumba ya Murumbi haikuwa na karatasi ya kuilinda ikaenda, ya Donovan ilipata karatasi ikabaki.  Kilichoiokoa moja ni maandishi na watu waliopiga kelele mapema.

Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni, nitaipitia haraka. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya wazungu peke yao, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi mwaka 1958. Humo kuna magazeti ya tangu enzi za ukoloni, samani za McMillan na pembe za ndovu. Inastahili mhadhara wake.

Na wale watakaosafiri, msidhani nyumba ndogo ziko Nairobi tu. Lamu kuna posta ya Wajerumani iliyofanya kazi kati ya mwaka 1888 na 1891 tu, sasa ni makumbusho ya chumba kimoja viwili, na inakueleza siasa za Wajerumani kule Witu vizuri kuliko vitabu vingi. Kimende, njiani kwenda Naivasha, kuna makumbusho ya amani ya Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 watu wa Lari waliuana, majirani kwa majirani, na baada ya miaka mingi wazee waliokuwa pande mbili, waliokuwa Mau Mau na waliokuwa askari wa Home Guard upande wa serikali ya ukoloni, walikubali kuweka kumbukumbu zao chini ya paa moja. Sijaona jambo la ujasiri kuliko hilo katika kazi hii ya makumbusho, na silaha zilizowekwa pale ni kama za shambani kwenu.

Mtaniuliza: tukienda tufanyeje? Mimi nina desturi zangu. Naenda asubuhi siku ya kazi, wakati hapana watu. Situmii muda wangu kuviona vitu vyote. Nachagua kimoja, nakaa nacho robo saa, nakitazama kilipochakaa, kwa sababu mahali palipochakaa ndipo palipokuwa na mkono wa mtu. Nasoma kibao chake, kisha najiuliza kibao kimemtaja nani na kimemwacha nani. Halafu namtafuta mhudumu. Katika makumbusho madogo mhudumu ni nusu ya makumbusho. Yule wa reli ndiye aliyenionyesha jinsi mlango wa lile behewa ulivyokuwa ukiteleza, kwa kiganja chake, kwani kibao hakisemi. Mwamkie vizuri, mpe nafasi, usimharakishe. Na kiingilio kilipe kwa moyo, hata kama ungeweza kupita kwa kujuana. Ndicho kinachonunua dawa ya mchwa.

Walimu, ninalo ombi kwenu. Ziara ya shule huisha kwa mtoto kuandika insha ya "safari yetu". Mara hiyo mwacheni aandike habari za kitu kimoja, ukurasa mmoja: kimetengenezwa kwa nini, nani alikitumia, nani alikileta, na swali moja ambalo hakupata jibu lake. Mtoto aliyewahi kuandika hivyo kuhusu kigoda cha mtu wa mbali atakitazama kigoda cha bibi yake kwa jicho jingine, kabla mwenye mizani hajabisha hodi.

Na wenye nyumba za reli, najua mpo humu. Mnaotoka Muthurwa, Makongeni, Voi, Nakuru, Kisumu, hata Tabora na Tororo. Injini za mvuke zilipoondolewa kazini, aliyekuwa mtia mafuta kijana wa miaka ishirini na mitano sasa amevuka sabini. Bado anajua ile "ta!" ya taa ilikuwa na maana gani, na anajua nyeupe ikitikiswa gadi alikuwa anasema nini. Mchukueni mwezi huu, msingoje mwakani. Mpelekeni pale nyuma ya stesheni, msimamisheni mbele ya Mount Gelai, mpeni kiti akichoka, na mwende na daftari na kalamu. Mwulizeni kila chuma kinaitwaje, na majina ya wenzake waliokuwa naye kwenye zamu. Andikeni yote, na nakala moja mwachieni mhudumu wa makumbusho.